Namnyaki, Fundi wa Joto na Baridi

Kuna watu wanaosema Arusha ni ya baridi, kuna wanaosema siku hizi ni ya joto, na wote wawili hawajawahi kulala chini ya bati tupu upande wa magharibi wa Mlima Meru. Mwezi wa pili bati hilo linakukaanga saa saba mchana mpaka unatoka nje kukaa na mbuzi. Mwezi wa saba ukungu unashuka kutoka msituni, unapita kwenye uwazi wa kenchi bila kupiga hodi, na asubuhi unakuta blanketi limelowa. Nyumba ni ile ile na bati ni lile lile. Ndiyo maana Namnyaki Tajeu, mteja akimwambia amwekee kitu cha joto tu, au cha baridi tu, huweka spana chini na kuanza kumhoji: unalala chumba kipi, kitanda umekielekeza wapi, juu ya kichwa chako kuna nini kabla ya bati. Wapo wanaomwona ana maneno mengi. Ni kweli, anayo, na mimi nasema afadhali fundi mwenye maneno mengi kuliko yule anayetoboa ukuta kwanza na kuuliza baadaye.

Ni wa Olmotonyi mlimani, Mwarusha, kabila linalosema Kimaasai, ana miaka arobaini na mitatu. Mjini aliingia akiwa na ishirini, akauza chai karibu na soko la Kilombero, mbele ya karakana ya Selemani, fundi wa mafriji na viyoyozi ambaye babu yake alitoka Tanga akaja kujenga Kaloleni. Kila akipeleka chai, Namnyaki alikuwa anasimama kutazama mpaka chai za wateja wengine zinapoa. Siku moja akamwambia Selemani kwamba kompresa anayoilaumu haina kosa, kosa ni waya. Mzee akacheka, akapima, akaacha kucheka, akamwambia aweke sinia pembeni ashike koleo. Baadaye akampeleka chuo, na alipomaliza akamrudisha kazini. Kwa miaka kumi na saba Namnyaki alifunga viyoyozi kwenye maofisi, mabenki na hoteli za watalii, na hakuna aliyewahi kumwita arudie kazi yake.

Lakini alikuwa na jambo moja moyoni, nami nalisema wazi kwa sababu yeye mwenyewe halifichi. Mama yake aliugua kifua. Kaka zake wakamhamisha kutoka mlimani wakampeleka Kisongo, kwenye tambarare, kukwepa baridi. Kila mtu aliona ni uamuzi wa busara, Namnyaki naye aliona hivyo, na siku ya kumhamisha alikuwa juu ya ngazi anafunga AC ya benki. Mama aliishi Kisongo mvua mbili. Hakufa kwa kifua. Alikufa kwa kukaa kwenye kiti cha plastiki akitazama barabara, akisubiri mtu wa nyumbani apite.

Basi mwanzoni mwa mwaka jana akaja karakana mtu mmoja anaitwa Yiamat, mzaliwa wa Sambasha anayefanya kazi Dar es Salaam, amebeba kiyoyozi kipya ndani ya boksi. Alieleza kwamba ni kile cha kisasa kinachotoa joto na baridi, na anataka kifungwe kwa mama yake. Namnyaki akapanda naye mlimani kuangalia.

Mama mwenyewe, Koko Silantoi, koko maana yake bibi, alikuwa na miaka sabini na sita, mjane, ana ng'ombe watatu, nyumba ya tofali ya vyumba vitatu aliyojengewa na wanawe, na jiko la zamani la miti na udongo nyuma ya nyumba ambalo alilijenga kwa mikono yake. Alikuwa anakohoa. Alikuwa pia na ulimi. Namnyaki alipoinamisha kichwa kumwamkia, bibi alimgusa utosini, akamtazama suruali yake ya kazi kutoka juu mpaka chini, akauliza kama mjini vitambaa vya sketi vimeisha.

Namnyaki hakuhitaji saa nzima kuona kwamba kiyoyozi kile pale ni mapambo. Sambasha ikifika jioni, kila nyumba ikiwasha umeme, taa zinafifia mpaka unaweza kuzikodolea macho bila kupepesa. Kompresa ingeungua kabla ya Pasaka. Na hata kama isingeungua, joto lote lingepanda juu, lipite kwenye bati, liende kuwapasha moto tumbili wa msituni. Alimwambia Yiamat hivyo hivyo, tumbili na wote.

Yiamat hakufurahi. Akasema basi mjadala umekwisha, kwa maana kiyoyozi kilikuwa njia ya mwisho. Daktari alishawaambia kwamba mapafu ya mama yanaharibiwa na vitu viwili, moshi wa jiko na baridi ya usiku, na hawezi kupona bila kuviacha vyote viwili. Kliniki kubwa ilikuwa tarehe ishirini na moja mwezi wa saba. Yeye na mdogo wake Lesian, mwenye nyumba Maji ya Chai, walishakubaliana: mapafu yasipokuwa na nafuu siku hiyo, gari halirudi Sambasha, linakwenda moja kwa moja Maji ya Chai, ng'ombe wagawanywe na nyumba ifungwe. Mambo yote haya Yiamat aliyasema huku Koko Silantoi amekaa palepale, kama vile wanapanga safari ya kabati.

Bibi aliwaacha wamalize, kisha akasema, "Maji ya Chai maji yake yana rangi ya chai, lakini maziwa hayana. Mimi nikaishi huko nikinywa nini?"

Yiamat akacheka. Namnyaki hakucheka. Aliona kiti cha plastiki na barabara. Akajikuta anasema, kabla hajapima maneno yake, kwamba wampe mpaka tarehe hiyo ishirini na moja; atafanya nyumba hii iwe na joto mwezi wa saba na ipoe mwezi wa pili, bila umeme na bila moshi. Yiamat akamwuliza kama ameshawahi kufanya kazi ya namna hiyo. Akajibu hajawahi, ila anajua hewa inavyokwenda, na hewa haijali kama imo kwenye bomba la shaba au kwenye nyumba ya koko.

Selemani aliposikia alishika kichwa. Alimwambia amejipalia makaa. Kazi ya viyoyozi ina kitabu chake na gesi yake, lakini nyumba ya bibi kizee wa mlimani ni kitanda ambacho hajakilalia, na kunguni wake hawajui. Namnyaki akamkumbusha kwamba yeye amezaliwa kwenye kitanda hicho. Mzee akasema ndiyo, lakini umeondoka siku nyingi. Maneno hayo Namnyaki aliyapuuza, na yalikuja kumgharimu. Kile kiyoyozi Selemani alikichukua akakifunga kwa Lesian kule Maji ya Chai, ambako joto ni la haki na umeme unafika, na mpaka leo kinafanya kazi vizuri. Kila kitu kina mahali pake.

Kazi ilianza na siku tatu za kutofanya kazi, au ndivyo majirani walivyoona. Namnyaki alichomeka mabua ya mahindi kuizunguka nyumba, kila bua limefungwa kipande cha kanga, akakaa kwenye ndoo na daftari, akiandika upepo unavyogeuka. Mchana unapanda kutoka Ngaramtoni, jioni unageuka na kushuka kutoka mlimani. Wanaume waliokuwa wanapita na punda waliuliza kama anafukuza ndege. Aliwajibu anawahesabu.

Kisha akaanza na paa. Alipiga dari, na juu ya dari akatandaza pumba za mpunga kutoka mashine za Mto wa Mbu, zimechanganywa na chokaa wadudu wasizipende, unene wa shubiri moja na nusu. Gunia baada ya gunia lilipanda, na jirani mmoja akaenda kutangaza kwamba Silantoi anafugiwa kuku juu ya kichwa. Pembeni juu, chini ya kofia ya bati inayofunika kilele cha paa, Namnyaki akatoboa madirisha madogo mawili, moja kila upande, yanayofunguliwa na kufungwa kwa kamba kutoka chini. Wakati wa jua unavuta kamba, hewa ya moto inatoka juu, hewa ya baridi inaingia chini upande wa kivuli. Wakati wa ukungu unaachia, yanajifunga. Hakuna injini wala swichi.

Ilikuwa mwanzo wa mwezi wa tatu, jua la kabla ya mvua, lile linalopasua midomo. Siku dari ilipokamilika, saa saba mchana, kuku wa bibi waliingia ndani mmoja mmoja wakalala chini ya meza, na hawakukubali kufukuzwa. Juma lililofuata jumuiya ya kanisa, iliyopaswa kusali kwa mzee wa kanisa mwenye sofa mpya, iliomba kuhamia kwa Koko Silantoi. Ibada ya nusu saa ilichukua saa mbili kwa sababu hakuna aliyetaka kutoka nje. Bibi akagawa maziwa, akavuta kamba mbele ya wageni, akaachia, akavuta tena. Alisema madirisha ni wazo lake.

Namnyaki alimwacha nalo. Nusu ya kazi ilikuwa imekwisha, nayo ilikuwa nusu rahisi.

Mvua za masika zilipoanza alijenga jiko la joto. Alilijenga kwa matofali ya kuchoma, katikati ya nyumba, mgongo wake ukiwa chumbani kwa bibi. Moto unawaka ndani sana, nyuma ya mlango wa chuma, unawaka kwa nguvu na kwa muda mfupi, matawi ya migrevilia tu, huhitaji gogo. Moshi hautoki moja kwa moja. Unapitishwa kwanza chini ya benchi refu la matofali, unazunguka, unaacha joto lake pale, ndipo unapanda kwenye dohani inayopita juu ya kofia ya bati kwa zaidi ya mita moja, kwa sababu ule upepo wa jioni unaoshuka mlimani ungeurudisha ndani. Ukiwasha saa moja jioni, benchi linabaki na joto mpaka ng'ombe wakamuliwe asubuhi.

Siku ya kuwasha, Selemani mwenyewe alipanda, na magoti yake ya miaka sitini na minane, akitaka kuona kwa macho. Alitoka nje kutazama dohani, akanusa ndani kila kona, akakaa kwenye benchi. Walipomaliza chai wakamwambia gari la kushuka limefika. Akasema litakuja lingine. Njiani kurudi, walipofika mtaa wa Sakina, akasema kwamba kazi hii hakumfundisha yeye. Namnyaki alikuwa akiyasubiri maneno ya namna hiyo kwa miaka ishirini, na usiku ule alilala usingizi wa mtu aliyeshinda.

Alikuwa hajashinda. Tarehe ishirini na nane mwezi wa sita Lesian akampigia simu. Alizungumza kwa upole, na huo ndio uliouma. Alisema amepita kumwona mama, na mama anakohoa kuliko mwaka jana. Amemkuta kwenye jiko la zamani, kwenye moshi, na watu wa jirani wanasema anashinda humo kutwa na siku nyingine analala humo humo. Akamshukuru Namnyaki kwa jitihada zake. Alikuwa tayari anasafisha chumba Maji ya Chai.

Asubuhi yake Namnyaki alikuwa Sambasha kabla ukungu haujanyanyuka. Aliingia ndani ya nyumba akasimama. Jiko lake lilikuwa limefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma, kimenyooshwa kwa pasi, chenye maua pembeni. Juu ya kitambaa palikuwa na picha ya marehemu mume wa bibi, kalenda ya kanisa, na glasi sita zilizopinduliwa. Benchi lilikuwa limevalishwa foronya. Alifungua mlango wa chuma akakuta majivu ya zamani, baridi. Jiko limewekwa sebuleni kama sofa ya wageni ambayo haikaliwi.

Alimfuata bibi nyuma. Kwenye jiko la zamani moshi ulikuwa umejaa kutoka magotini kwenda juu, na Koko Silantoi amekaa chini yake kwenye kigoda, macho mekundu. Namnyaki alikuwa amekuja na hasira na hotuba. Lakini huwezi kumhutubia bibi kabla hajakukaribisha, na bibi alimkaribisha kwa kummiminia maziwa kutoka kwenye kibuyu. Akanywa.

Alikuwa hajanywa maziwa ya kibuyu kwa miaka mingi. Mjini ananunua ya paketi. Yalikuwa na ile ladha ya moshi mtamu, ladha ya mama yake, na kabla hajameza funda la pili alielewa alichokosea, akaona aibu mpaka masikio yakawaka. Kibuyu hakisafishwi kwa maji na sabuni. Kinasafishwa kwa kaa la oloirien, mzeituni wa mwitu, kijiti chenye ncha ya moto unachokizungusha ndani mpaka kibuyu kifuke, kila asubuhi na kila jioni. Bila hivyo maziwa yanaharibika, na mwanamke anayempa mgeni maziwa yaliyoharibika ni afadhali asionekane. Mtoto wa kike wa Olmotonyi anayajua haya kabla hajajua kusoma. Na yeye, mtoto wa Olmotonyi, alikuwa amejenga jiko linalochoma kuni haraka na kwa ukali kiasi kwamba halibakizi kaa hata moja, lina mlango ambao ukiufungua unakuunguza nyusi, akaenda zake mjini kusifiwa.

Alimwuliza bibi kwa nini hakusema. Bibi akasema atasemaje? Fundi amehangaika miezi minne, amelala kwa majirani, amebeba matofali mgongoni. Jiko ni zuri sana. Yeye ni nani amwambie fundi kwamba jiko lake zuri ni bubu?

"Lina tumbo," alisema Koko Silantoi, "lakini halina mkono wa kunipa kaa. Sasa vibuyu vyangu nivipeleke wapi? Moto uko huku, nami nafuata moto."

Namnyaki aliona pale pale kwamba bibi huyu amekuwa akimeza moshi ili asimwaibishe yeye. Hilo lilimchoma kuliko lawama yoyote ya Lesian. Akamwomba msamaha, kwa Kimaasai, kwa maneno ambayo hakuwa ameyatumia tangu amzike mama yake. Kisha akatoka nje, akampigia Lesian, akamwambia kosa ni lake, si la mama, na tarehe ishirini na moja haijafika.

Zilikuwa zimebaki siku ishirini na mbili. Alichukua nyundo akalivunja ubavuni jiko lake, kazi ambayo Selemani aliisifu, lipu na vyote. Safari hii hakukaa kwenye ndoo na daftari. Alimketisha bibi kwenye kigoda mbele ya tundu na kumwambia aamrishe. Na bibi aliamrisha! Tundu liwe kimo cha kiuno, si chini, mgongo hauinami tena. Upana uwe wa kibuyu kikubwa na mkono mmoja pembeni. Akaleta kibuyu chenyewe kipimwe. Pawe na kijukwaa cha kulalisha kijiti cha oloirien, kiwake polepole peke yake. Namnyaki alichofanya yeye ni kuunganisha moshi wa kishubaka kile na dohani ile ile, akaweka kibati cha kuuvuta, ili kaa libaki mbele kwa bibi na moshi uende juu. Alijaribu mara tatu. Mara ya kwanza moshi uliingia ndani, mara ya pili kaa lilizimika. Mara ya tatu Koko Silantoi akachoma kijiti, akazungusha kibuyu, akakinusa, akampa Namnyaki naye anuse. Moshi wote ulikuwa umepita juu.

Bibi akaenda kwenye zizi, akarudi na samadi mbichi na majivu, akalipaka benchi lote kwa viganja vyake, juu ya lipu ya saruji iliyonyooshwa kwa pima maji. Kwao nyumba hujengwa na mwanamke, na mpaka siku hiyo hakuwa ameigusa nyumba hii hata kwa kidole. Kile kitambaa cha kufuma akakihamishia kwenye redio. Jioni hiyo alihamia ndani, na jiko la zamani akawaachia ndama.

Baridi ya mwezi wa saba ilikuja kwa kisirani. Namnyaki alipanda kila siku ya tatu na kila mara alimkuta bibi ameketi kwenye benchi, vibuyu vimepangwa, mlango umefungwa, anapiga soga. Kikohozi alikisikia kidogo, kisha kidogo zaidi. Lakini yeye si daktari, na siku hizo ishirini na mbili ni chache kwa mapafu ya miaka sabini na sita. Alikuwa roho juu. Wanawake wa jumuiya nao hawakuwa na matumaini: tarehe ishirini walikuja wote kumuaga bibi, wakaomba, wakalia, wakala.

Tarehe ishirini na moja Yiamat alikuja na gari, Lesian akiwa pembeni yake. Koko Silantoi alitaka fundi aende nao. Kama daktari ana maswali kuhusu jiko, yeye hatayajibu. Nguo zake zote zilikuwa kwenye begi nyuma ya gari, Yiamat alikuwa ameliweka mwenyewe, na hakuna aliyelitaja.

Hospitali mjini daktari, mama mmoja mwenye miwani, alimsikiliza bibi mgongo na kifua, akampulizisha kile kibomba chenye mshale, akampulizisha tena kana kwamba hakuamini. Kisha akamwomba bibi asubiri nje na akabaki na Yiamat. Walisubiri kwenye benchi la mbao, Lesian akitazama simu, Namnyaki akihesabu marumaru za sakafuni. Yiamat alipotoka uso wake haukusomeka. Ni mtu wa namna hiyo, jambo analitafuna kwanza, hasa likiwa ni jambo la kukubali kwamba alikosea. Alisema twendeni.

Wakaondoka, hakuna aliyeuliza. Sijui kwa nini watu huogopa kuuliza hasa pale ambapo jibu linawahusu. Walipanda mpaka kwenye barabara kuu. Pale, kulia ni njia ya Tengeru na Maji ya Chai, kushoto ni Ngaramtoni na mlima. Yiamat akasimamisha gari kungoja nafasi. Malori yalipita, mabasi yakapita, nafasi ikapatikana na kupotea, naye ameshika usukani tu. Nyuma yao watu wakaanza kupiga honi. Namnyaki alikuwa ameshika mkono wa bibi, au bibi alikuwa ameshika wake.

"Yiamat, washa taa," alisema Koko Silantoi. "Hao wa nyuma hawajui unakwenda wapi, na sisi hatujui."

Yiamat akawasha taa ya kushoto.

Walikuwa wamepita Sakina ndipo alipofungua mdomo. Alisema daktari amekataa katakata mama kuhamishwa. Kibomba kimepanda kuliko mara zote tatu zilizopita, na alipoambiwa ni kwa sababu ya jiko aliuliza maswali kwa dakika kumi. Kisha akampitishia Namnyaki kikaratasi kwa nyuma bila kugeuka. Kilikuwa na namba ya daktari. "Anakuomba umpigie," alisema. "Ana wagonjwa kumi na wanne huko mlimani wenye kifua kama cha mama, na wote wanaambiwa wahame. Na mimi, dada yangu, naomba unisamehe kwa lile boksi."

Namnyaki alitaka kujibu vizuri, kwa heshima, lakini alikuwa analia, analia waziwazi kama mtoto, kwa furaha na kwa ajili ya mwanamke mwingine ambaye hakuna aliyemwashia taa ya kushoto. Hakuona aibu. Alikunja kile kikaratasi akakitia kifuani.

Koko Silantoi yeye alikuwa na kazi nyingine. Alishusha kioo cha gari, na kuanzia Ngaramtoni, kupanda njia yote ya vumbi, kila mwanamke aliyemwona alimpigia salamu ya Kimaasai: "Takwenya." Wakaitika "Iko," wakasimama na kuni zao na ndoo zao, wamepigwa na butwaa, maana jana tu walikuwa wamemuaga. Na kila mmoja, hata asiyemfahamu, alimwambia neno lile lile, akimwamuru Yiamat apunguze mwendo ili lisikike vizuri:

"Narudi nyumbani kwangu."